Mjomba Nyamhanga, PS6 na Ng'ombe za Busawe

MJOMBA NYAMHANGA AMEOA JAMANI! Ameoa kabisa, sio maneno. Mimi nimecheza mpaka kiatu kimoja kikapotea na mpaka sasa sijui nani kakichukua, na sijali. Ameoa Efrazia. Efrazia huyuhuyu wa saluni, ambaye mtaa mzima tulishakubali kwamba mjomba anamkosa kwa sababu ya PS6, PlayStation ya sita, mashine ya gemu ambayo hata haijatoka.

Ngoja nianze vizuri, maana nikienda hivi mtasema naropoka.

Mjomba Nyamhanga ni kaka yake mama. Ana banda la gemu hapa Tarime mjini. Ukitoka stendi unapita wauza mitumba, ukianza kusikia watu wanabishana kama ilikuwa ofsaidi au haikuwa, umefika. Ndani kuna TV nne, PS4 tatu, na PS3 moja ya zamani ambayo haiwaki mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mjomba ndiye anajua ipigwe wapi. Mtu mwingine akiipiga inagoma. Tumejaribu wote, mpaka mchungaji alijaribu siku alipokuja kumtafuta mwanaye.

Sheria ya banda ni moja tu, ukiingia unatoa shikamoo ndiyo unapewa pedi ya kuchezea. Hata kama umekuja na hasira za kufungwa jana. Kuna mtoto aliingia akasema "niaje," mjomba akamwambia kaa hapo pembeni uangalie wenzako mpaka salamu ikurudie. Ilimrudia haraka sana.

Mimi ananiita mama. Nimerithi jina la bibi, Waisiko, na bibi ndiye mama yake, kwa hiyo kwa hesabu za nyumbani kwetu mimi ni mama yake. Sasa fikiria mwanaume ana ndevu, ana miaka thelathini na kitu, anasimama mlangoni anaita, "Mama, umekula?" Watu wanageuka kutafuta mzee, wananiona mimi na sare ya shule, nakula muwa.

Kazi ya mjomba ni banda, lakini kipaji chake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kutabiri. Anatabiri mvua. Anatabiri umeme utakatika, na huo anaupatia, ila huo hata mbuzi angepatia. Alitabiri kuku wa jirani atatotoa vifaranga kumi na viwili. Kuku akatotoa viwili. Mjomba akasema amepata ile viwili, ile kumi iko njiani.

Lakini utabiri wake mkubwa, ule wa kulala nao na kuamka nao, ulikuwa PS6 itatoka lini.

Na sio kwamba ni ujinga tu, alikuwa na donda. PS5 ilipotoka, mjomba alizubaa. Jamaa mmoja wa Sirari, ambaye pale mpakani vitu vinamfikia mapema, akaleta yake, basi vijana wote wakawa wanapanda gari kwenda Sirari kuiangalia, hata sio kucheza, kuiangalia tu. Banda la mjomba likabaki viti. Mchezaji alikuwa mimi. Nilimfunga nne bila akasema ni uchungu, kesho yake nikamfunga tano, akasema uchungu umezidi.

Kuanzia hapo akaapa kwamba PS6 ikitoka, wa kwanza Tarime nzima atakuwa yeye. Na hela itatoka wapi? Kwenye ng'ombe. Mjomba ana ng'ombe zake Busawe, zinachungwa na mdogo wake, mjomba Nelson. Siku PS6 inatoka, ng'ombe zote sokoni, mjomba anaenda Mwanza kuinunua, PS6 bandani, Sirari kimya. Huo ndio mpango.

Shida ikawa moja. Ng'ombe hizohizo ndizo za kumwolea Efrazia. Hana nyingine.

Mnaona hesabu ilivyokaa? Kama PS6 iko mbali, mjomba anapeleka ng'ombe ukweni, anaoa, anatafuta nyingine taratibu. Kama iko karibu, ng'ombe haziguswi, na Efrazia asubiri. Kwa hiyo watu wengine wakiuliza PS6 itatoka lini wanauliza gemu. Mjomba akiuliza, anauliza kama ataoa.

Efrazia saluni yake inatazamana na banda. Anasuka huku anamwangalia mjomba, na ana mdomo huyo dada, nampenda sana.

"Nyamhanga," anaita kutoka ng'ambo, kichwa cha mtu kiko mkononi. "Leo imetoka?"

"Bado. Ila dalili zipo."

"Dalili gani?"

"PS4 zinashuka bei. Zikishuka hivi ujue kuna mkubwa anakuja."

"Hata mimi nikishuka bei utasema kuna mkubwa anakuja?"

Yule anayesukwa anacheka, Efrazia anambonyeza kichwa atulie. Mjomba anaingia ndani, anaipiga PS3 kofi hata kama ilikuwa inawaka vizuri.

Kwa kweli walikuwa wanapendana. Mchana Efrazia anamletea ugali na dagaa kwenye hotipoti, na mjomba akiona mvua inakuja anakimbia kumwanulia taulo zake za saluni kabla hajaanua nguo zake mwenyewe. Tatizo lilikuwa hiyo mashine tu.

Sasa ikafika hiyo Jumapili ya hesabu.

Banda limejaa. Na Ng'washi yupo, Msukuma aliyekuja huku kuchimba dhahabu, mtu mkubwa, akishika pedi inaonekana kama biskuti. Mpole mpaka akifunga goli anaomba samahani. Watu wakaanza ule ubishi wao wa kila wiki, PS6 itatoka lini, na mjomba akasimama mbele ya TV, watu wakalalamika, hakutoka.

"Tulieni. Ya kwanza ilitoka lini kule kwao Japani?"

Banda zima linajua hiyo kama sala. "Tisini na nne."

"Ya pili?"

"Elfu mbili."

"Ya tatu?"

"Elfu mbili na sita."

"Ya nne?"

"Kumi na tatu."

"Ya tano?"

"Ishirini."

Ng'washi akahesabu kwa vidole, na vile vidole ukiviangalia unaona kabisa hesabu. "Sita, sita, saba, saba," akasema. "Basi ongeza saba nyingine, kaka. Ishirini na saba. Mwakani. Imeisha hiyo."

Mjomba akakaa kwenye kreti la soda.

Hapa lazima niwaeleze nyie mnaosoma mkiwa mbali. Kwa Wakurya saba sio namba ya kuchezea. Wazee hawapeleki wavulana tohara mwaka wa saba, yaani unaoishia na saba. Mambo makubwa hayafunguliwi mwaka wa saba. Ukiuliza kwa nini unaangaliwa kama umeuliza kwa nini maji yana maji. Na mjomba pamoja na simu yake na bando lake na kukesha YouTube, ni Mkurya wa kutoka nyumbani.

"Saba baada ya saba," akasema polepole, "halafu kwenye mwaka wa saba. Hakuna mtu mwenye akili anafanya hivyo."

"Kwa nini?" Ng'washi akauliza.

"Mura," akasema, maana kwetu kijana mwenzako ni mura, "saba ni saba."

"Kwetu saba iko kati ya sita na nane, basi."

"Ndio maana kwenu mnatoka mnakuja kuchimba kwetu."

Watu wakacheka, Ng'washi mwenyewe akacheka, akaomba samahani. Lakini mjomba hakuwa anacheka. Alikuwa anatabiri. Unamjua tu, anafumba jicho moja.

"Wazee wetu wakiona saba inakuja wanafanya nini?" akauliza. "Wanasogeza. Ama wanarusha mpaka nane, ama wanavuta mbele, inafanyika sita. Sasa hawa Wajapani ni wafanyabiashara, hawawezi kurusha, watakosa hela. Watavuta mbele." Akafungua lile jicho. "Sita ni lini?"

"Ni mwaka huu," nikasema mimi.

"Mama amesema. PS6 inatoka mwaka huu. Wajapani nao wana wazee wao, wameshakaa, wameiona saba, wameikwepa. Nyie subirini."

Aisee, banda lililipuka. Mpaka mimi niliamini, nisiseme uongo. Ilikuwa imekaa vizuri sana ile hesabu. Jioni Tarime yote inajua, bodaboda wanaambiana barabarani, Nyamhanga kasema mwaka huu.

Na nani mwingine akasikia? Efrazia. Hakuita kutoka ng'ambo siku hiyo. Alifagia nywele, akafunga saluni, akaondoka bila kuangalia upande wetu. Na hotipoti kesho yake haikuja. Mjomba akala mihogo.

Siku hizohizo akaja Kornelio. Kornelio anaendesha bodaboda na ndiye mshenga wa mjomba, yaani ndiye anapeleka maneno ukweni Susuni na kurudisha. Alizima pikipiki, akavua kofia ngumu, akaifuta vumbi kwanza, na Kornelio kwa kawaida anaanza kuongea kabla pikipiki haijazima.

"Mura, nimetoka kwa Mzee Kisyeri."

"Anasemaje baba mkwe?"

"Anasema mahindi yameshavunwa na uliahidi baada ya mavuno. Anasema kuna watu wengine wameleta salamu kwa ajili ya Efrazia. Wana ng'ombe, na ng'ombe zao hazina safari. Anakutaka Jumamosi. Ikubaliwe siku ya ng'ombe kuhama, au mimi nisikanyage tena pale."

"Mwambie anipe mpaka mwisho wa mwaka. Mwambie Wajapani wanavuta mbele."

"Mimi?" Kornelio akajishika kifua. "Nimwambie Mzee Kisyeri, kwa mdomo huu, Wajapani wanavuta mbele?"

"Utamweleza vizuri."

"Mura, yule mzee nikimsalimia tu natoka jasho. Twende ukamwambie mwenyewe."

Basi Jumamosi tukaenda. Mishikaki kwenye pikipiki moja, Kornelio mbele, mjomba katikati, mimi nyuma na sukari na sabuni za mama mkwe. Njia nzima mjomba anafanya mazoezi ya hotuba. Tukipita kwenye mashimo hotuba inakatika, anaanza upya kuanzia "wazee wangu, tarehe tatu Desemba tisini na nne."

Mzee Kisyeri tulimkuta kwenye kigoda nje ya nyumba, redio begani kama mtoto mchanga. Tukatoa shikamoo moja moja. Mjomba alitoa mbili. Tukakaa. Ikaletwa togwa. Efrazia alikuwepo, alikuja nyumbani tangu juzi, akaweka vikombe bila kumwangalia mjomba, akaenda kusimama karibu na mama yake.

"Nyamhanga," mzee akasema. "Ng'ombe zinahama lini?"

"Baba, kuna mashine inakuja."

"Ya kusaga?"

"Hapana baba. Ya gemu."

Mzee akamwangalia Kornelio. Kornelio akaangalia togwa yake.

"Inafanya nini?"

"Watu wanacheza mpira kwenye TV."

"Si hiyo unayo?"

"Ninayo ya nne, baba. Hii ni ya sita."

"Ya tano iko wapi?"

"Ya tano... iko Sirari."

Nilijiuma shavu nisicheke. Mjomba akaona hali mbaya, akaachia hotuba yote. Miaka yote, sita sita saba saba, halafu mwakani ni saba juu ya saba, halafu wazee wa Japani wakavuta mbele. Na mnajua nini, Mzee Kisyeri alimsikiliza. Alipunguza sauti ya redio. Alianza kutikisa kichwa kwa kukubali.

"Huyu kijana ana akili," akasema. "Hakuna mzee atafungua kitu mwaka wa saba. Lazima wavute mbele."

Mjomba akavimba kama andazi kwenye mafuta. "Ahsante baba."

"Itatoka kabla ya mvua au baada?"

"Nadhani mwishoni, baba. Wakishavuna."

"Wanalima mahindi?"

"Mpunga."

"Mpunga unachelewa," mzee akasema. "Basi itakuwa baada ya mpunga. Nimekubali. Mwaka huu inatoka." Halafu akapandisha sauti ya redio tena. "Kwa hiyo ng'ombe zako zina kazi. Na mimi siwezi kupokea ng'ombe yenye kazi. Kornelio, nenda salama. Binti ataenda kwa hao wengine."

Yaani mjomba alishinda ubishi, na kwa kushinda akapoteza mke, palepale, togwa hata hajamaliza. Nilimwangalia. Lile jicho la kutabiri likafumba lenyewe likakataa kufunguka. Akanyanyuka. Kornelio akanyanyuka. Mimi nilikuwa na kikombe, sikujua nikiweke wapi.

"Nyamhanga," Efrazia akaita.

Mjomba akasimama.

"Ya nne ilikuja miaka mingapi baada ya ya tatu?"

"Saba."

"Na ya tano baada ya ya nne?"

Mjomba akaangalia vidole vyake. "Saba."

"Zilikuja zimevunjika?"

"Hapana."

"Hiyo ya nne bandani kwako, mwaka huu umeiona inaumwa?"

"Hapana. Inayoumwa ni ya tatu."

"Na ya tatu ilikuja baada ya miaka mingapi?"

"Sita," mjomba akasema, sauti ndogo kabisa.

"Sasa mtu aliyetumia saba mara mbili na mambo yake yakaenda, kwa nini leo aikimbie? Hao Wajapani hawaijui saba yetu. Wewe ndiye unaijua. Umewapa wazee wa kwetu wakati wana wazee wao."

Kuku akapita katikati yetu, hata yeye alikuwa anawaza. Ile hesabu nimeiimba mimi mwenyewe kila wiki, sita sita saba saba, banda zima tumeiimba, na hakuna aliyeona. Ng'washi aliisema palepale mbele yetu, sisi tukamcheka.

Mzee Kisyeri akazima redio kabisa. "Kwa hiyo haitoki mwaka huu."

"Naona... haitoki baba," mjomba akasema. Nawaambieni sijawahi kumsikia akisema utabiri wake umekosea. Hata wale vifaranga bado anawasubiri.

"Inatoka mwakani. Mwaka wa saba, baada ya saba."

"Au mbele zaidi. Ila mwakani inawezekana."

Mzee akasimama. Nikajua ameelewa vizuri, tumepona. Kumbe ndio kwanza amekasirika.

"Na ulikuwa unataka kuuza ng'ombe za kumwolea binti yangu, ununue kitu cha saba juu ya saba, ukiingize kwenye nyumba atakayolala?"

"Ni bandani baba, sio nyumbani."

"Banda si lako?"

"Langu baba."

"Basi sikiliza. Ng'ombe zihame wiki hii. Na hiyo mashine ikitoka mwakani, wewe huinunui. Huishiki. Huendi hata Sirari kuiangalia. Ukitaka utaichukua mwaka wa nane, ikishapoa. Utasema hapa, mbele ya mshenga wako."

Sasa ndio nikaona mjomba anateseka kweli. Nyuso mbili zinapigana kwenye uso mmoja. Miaka yote hiyo anasubiri awe wa kwanza Tarime, na hapa anaambiwa aape kwamba atakuwa wa mwisho.

"Baba, na Sirari wakiileta kwanza?"

"Waache na saba zao."

Mjomba akamwangalia Efrazia. Efrazia alikuwa anamwangalia hivihivi tu, mikono kiunoni, lakini kona ya mdomo ilikuwa inacheza. Mjomba akavuta pumzi.

"Naapa," akasema. "Mpaka mwaka wa nane. Mama shahidi."

"Mama yupi?" mzee akauliza, akatafuta.

"Huyu," mjomba akasema, akaninyooshea kidole, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama bibi kabisa.

Basi. Ng'ombe zikatoka Busawe na lori, mjomba Nelson amekaa juu nazo. Zilipofika Susuni moja ikakataa kushuka, Mzee Kisyeri akaenda akaipiga kofi ubavuni, ikashuka. Mjomba aliniangalia, mimi nikamwangalia. Sherehe ilikuwa kubwa, litungu limepigwa, spika za bandani zimepigwa, Ng'washi alileta kundi zima la wachimbaji na akacheza mpaka vumbi likaficha keki. Kila aliyemkanyaga alimwomba samahani.

Sasa hivi Efrazia ameweka kiti cha kusukia ndani ya banda, upande wa PS3. Anasuka huku anatoa maoni, na maoni yake yanauma. Mjomba bado anatabiri, ila PS6 hataki kuisikia, ukiitaja anaanza kufuta vioo vya TV. Wateja ndio wana kilio. Maana ikitoka kweli mwakani, sisi wa banda hili tunakaa mwaka mzima tunaangalia picha zake kwenye simu, na mjomba ameshaapa, na shahidi ni mimi, siwezi kugeuka.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Huku kwetu sijui mtu anayemjua mtu Japani, ila ninyi mko wengi. Kama una ndugu, au rafiki wa ndugu, anayefahamiana na hao watengenezaji, awaambie waifungue mwaka wa nane, na wasiulize kwa nini. Na kama humjui yeyote, tuma hii kwa mwenzako, labda yeye anamjua.